UZI: Tuandike nia kabla ya kuikabidhi akili mnemba kazi ya kutengeneza programu

#1 Mleta mada

Wakuu, heshima kwenu.

Mijadala mingi ya siku hizi kuhusu akili mnemba na utengenezaji wa programu inahusu zana ipi inaandika msimbo vizuri kuliko nyingine. Naomba tujadili jambo linalotangulia hilo, yaani kile tunachoiambia zana kabla haijaandika mstari wa kwanza. Ninaamini kwamba sehemu kubwa ya programu zinazoharibika baada ya kutengenezwa kwa njia hii haziharibiki kwa sababu mashine haijui kuandika msimbo. Zinaharibika kwa sababu palikuwa na uamuzi ambao mwenye kazi hakuufanya, mashine ikaufanya kwa niaba yake, na hakuna aliyetambua kwamba uamuzi umefanyika.

Mwaka 2021 GitHub, kampuni yenye jukwaa la kutunzia msimbo, walipoanza kuonyesha Copilot, zana hiyo ilikamilisha mistari michache ambayo mtu alikuwa ameshaianza, na mtu huyo alikuwa bado anaona kila kinachoandikwa. Februari 2025 Andrej Karpathy, mtafiti wa akili mnemba, alilipa jina la «vibe coding» zoea lililokuwa likienea, la mtu kueleza anachotaka kwa maneno machache, kupokea msimbo bila kuusoma, na kuendelea mbele. Mwaka huohuo zikatokea zana zinazodai kinyume chake, kwamba maelezo yaandikwe kwanza na msimbo ufuate: Amazon walitoa Kiro mwezi Julai, na GitHub wakatoa Spec Kit mwezi Septemba. Zana hizo nimezitaja ili ionekane kwamba hata watengenezaji wake wamekubali kuwa tatizo limehamia kwenye maelezo. Hata hivyo, zana ya kupanga maelezo haiwezi kujua unachokitaka kama wewe mwenyewe hujakiamua.

Tuchukue mfano wa kikoba, kwa kuwa wengi wetu ni wanachama au tumewahi kuombwa tutengeneze mfumo wa kikundi cha aina hiyo. Wanachama hununua hisa kila kikao, aghalabu kuanzia moja hadi tano. Fedha hizo hukopeshwa kwa wanachama wenyewe, na mkopo kwa kawaida hauzidi mara tatu ya thamani ya hisa za mkopaji. Mfuko wa jamii hutunzwa kando kwa ajili ya misiba na magonjwa, na mwisho wa mzunguko kikoba kinavunjwa na kila mtu anapokea gawio lake. Kila kikundi kina katiba yake, na katiba hizo hazifanani.

Sasa mtu anaiandikia zana hivi: «Tengeneza mfumo wa mikopo ya kikoba wenye riba ya asilimia 10 na marejesho ya miezi mitatu.» Sentensi hiyo inaonekana kamili, lakini mkopo wa shilingi 300,000 chini ya sentensi hiyo unaweza kurejeshwa kwa jumla tatu tofauti. Ikiwa asilimia 10 ni ya mkopo mzima kwa muda wote, mkopaji atarejesha 330,000. Ikiwa ni ya kila mwezi juu ya kiasi alichokopa mwanzoni, atarejesha 390,000. Ikiwa ni ya kila mwezi juu ya deni lililobaki, naye anapunguza 100,000 kila mwezi, riba itakuwa 30,000, kisha 20,000, kisha 10,000, na jumla itakuwa 360,000. Mtengeneza programu aliyeajiriwa na kikundi angesita hapo, akampigia simu mweka hazina na kumuuliza. Zana mara nyingi haisiti; inachagua tafsiri iliyo ya kawaida zaidi katika maandishi iliyojifunzia, ambayo mengi hayahusu vikoba hata kidogo, kisha inakuletea mfumo unaofanya kazi vizuri, wenye ukurasa wa kupendeza, unaoweza kumtoza mama wa watu hadi 60,000 zaidi ya katiba ya kikundi chake.

Kwa hiyo, ninapozungumzia waraka wa nia, sizungumzii maelekezo marefu yaliyojaa maneno ya kuibembeleza mashine. Ninazungumzia maandishi ambayo ndani yake kila uamuzi unaoweza kubadilisha fedha, haki au usalama wa mtu umefanywa na mtu anayehusika, ukaandikwa kwa namna ambayo haiwezi kusomwa kwa njia mbili. Yale ambayo mashine inayajua vyema, kama namna ya kupanga jedwali katika hifadhidata au kukagua kama namba ya simu ina tarakimu zinazotakiwa, hayana haja ya kuandikwa. Nimeona nyaraka zenye kurasa nyingi juu ya rangi za vitufe ambazo hazina hata sentensi moja juu ya kinachotokea mwanachama anapofariki akiwa na mkopo.

Jambo la kwanza ninalolitafuta katika waraka wowote ni sababu. Amri inaeleza kinachotakiwa leo, ilhali sababu ndiyo inayoonyesha la kufanya hali inapobadilika. Ushahidi mzito wa hili ninaoujua ni wa Ariane 5. Tarehe 4 Juni 1996 roketi hiyo ilirushwa kwa mara ya kwanza kutoka Kourou, Guyana ya Ufaransa, na sekunde kama 40 baadaye, ikiwa katika kimo cha takriban mita 3,700, ikaacha njia yake, ikavunjika na kulipuka. Programu ya mfumo wake wa kupima mwelekeo ilikuwa imechukuliwa kutoka Ariane 4, roketi iliyoitangulia. Ndani yake, thamani iliyohusiana na mwendo wa mlalo iligeuzwa kutoka namba ya desimali ya biti 64 kuwa namba kamili ya biti 16, yaani yenye nafasi ndogo zaidi. Kwenye Ariane 4 thamani hiyo isingeweza kukua kiasi cha kuzidi nafasi hiyo, lakini Ariane 5 ilikuwa na mwendo mkubwa zaidi wa mlalo. Namba ikazidi nafasi, na kompyuta ya akiba na ile ya kazi zote mbili zikaacha kutoa taarifa sahihi. Linalosikitisha zaidi ni kwamba sehemu hiyo ya programu haikuwa na kazi yoyote baada ya Ariane 5 kuondoka ardhini. Iliendelea kufanya kazi kwa sababu ya sharti lililoihusu Ariane 4, na sababu ya kutoiwekea ulinzi namba ile haikuwa imeandikwa ndani ya msimbo wenyewe.

Zana zetu za leo zinafanya kazi ileile ya kuchukua msimbo wa zamani na kuuendeleza, tena kwa kasi kubwa. Zinasoma kinachofanyika, lakini kwa nini kinafanyika hivyo haziwezi kukisoma kama hakikuandikwa popote. Ukiandika «mkopo usizidi mara tatu ya hisa», zana itaweka tatu. Ukiongeza «kwa sababu kikundi hakina dhamana nyingine zaidi ya hisa za mkopaji na za wadhamini wake», utaona kwamba unapoiagiza iongeze mkopo wa dharura, ina msingi wa kukuuliza kama deni la dharura linahesabiwa ndani ya kikomo hicho.

Jambo la pili ni mipaka, yaani kile ambacho mfumo hautakiwi kukifanya hata kama ni rahisi kukifanya. Zana hizi hupenda kuongeza. Ukiomba orodha ya wanaodaiwa, unaweza kuletewa pia kitufe cha kuwatumia wanachama wote ujumbe wenye majina ya wadaiwa, jambo ambalo kikundi hakikuliomba na ambalo linaweza kuvunja undugu wa watu. Andika waziwazi kwamba mfumo haugusi mfuko wa jamii unapokokotoa mikopo, haufuti muamala wowote bali unaandika muamala wa kusahihisha, na hauonyeshi deni la mtu kwa mwanachama mwingine asiye kiongozi.

Jambo la tatu ni mifano yenye namba halisi, na hili ningeomba tulijadili kwa kina kuliko mengine. Sheria iliyoandikwa kwa maneno bado inaweza kufasiriwa kwa njia mbili, ilhali mfano wenye namba huacha tafsiri moja tu. Katika suala la riba hapo juu, maneno «mkopo wa 300,000 uliorejeshwa kwa awamu tatu za mwezi unaleta riba ya jumla ya 60,000» yanamaliza mjadala ambao aya nzima ya maelezo isingeumaliza.

Karibuni kwa michango, hasa wale mliokwisha kujaribu njia hii kwenye mifumo inayotumika na watu.

#2 Mdau

Ndugu mleta mada, hoja yako ninaielewa, lakini naona inaturudisha kwenye nyaraka nene za zamani ambazo zilichukua miezi kuandikwa na zilikuwa zimeshapitwa na wakati kabla msimbo haujaanza. Wateja wetu wengi hawajui wanachokitaka mpaka wakione. Mimi hutengeneza kitu haraka kwa msaada wa akili mnemba, nikawaonyesha, wakasema hiki sawa na hiki siyo, kisha nikarekebisha. Kuna ubaya gani, ikiwa kutengeneza upya kunachukua saa chache?

#3 Mleta mada

Mkuu, hakuna ubaya wowote katika kutengeneza kitu cha kuonyesha, na mimi ninalihimiza hilo, kwa sababu mteja akiona ukurasa wa mkopo atakumbuka mambo ambayo asingeyakumbuka kwa kuulizwa. Tofauti yetu iko kwenye kinachofuata baada ya yeye kusema «hiki siyo». Kama jibu lake linaingia kwenye mazungumzo na zana peke yake, litapotea mazungumzo hayo yatakapofungwa, na wiki ijayo utakapoiagiza zana iongeze kipengele kipya haitajua kwamba jambo hilo lilishakataliwa, wala mwenzako atakayeipokea kazi hatajua. Kama jibu hilo linaandikwa kwenye waraka kwa sentensi moja, pamoja na sababu yake, umepata faida ya njia yako bila hasara yake.

Kuhusu unene, waraka wa kikoba ninaouzungumzia unatosha kurasa tatu au nne. Kipimo changu ni hiki: kwa kila sentensi, jiulize kama mtengeneza programu mwingine mwenye akili timamu angeweza kuamua vinginevyo na bado akaonekana yuko sahihi. Kama angeweza, sentensi hiyo inastahili kuwemo. Kama hakuna mtu ambaye angeamua vinginevyo, iondoe.

Tena kuna mambo ambayo mteja hawezi kuyaona kwenye maonyesho hata kidogo. Ukurasa wa gawio utampendeza mweka hazina mwezi wa pili, wakati kikoba hakivunjwi mpaka mwezi wa kumi na mbili. Makosa ya aina hiyo hujitokeza siku ambayo watu wote wamekaa wakisubiri fedha zao.

#4 Mdau kutoka Nairobi

Naunga mkono, na ningependa kuongeza upande wa malipo, kwa kuwa huko ndiko nyaraka nyingi za vyama vyetu huwa na pengo kubwa zaidi. Mtu huandika «mwanachama alipe kwa M-Pesa» na kuona amemaliza. Zana inaijua vizuri Daraja, yaani mfumo wa Safaricom wa kuunganisha programu na M-Pesa; itaandika ombi la malipo, mwanachama ataona ujumbe kwenye simu yake, ataweka PIN, na majibu yatarudi kwenye seva. Katika majaribio kila kitu kitaenda sawa.

Maswali yanayobaki ni ya nia, siyo ya ufundi. Majibu yakirudi yakiwa na namba 0, malipo yamekamilika. Yakirudi na 1032, mwanachama ameghairi mwenyewe. Yakirudi na 1037, simu yake haikupatikana. Je, chama kinataka watu hawa wawili washughulikiwe sawa? Aliyeghairi pengine amebadilisha nia na hapaswi kusumbuliwa, ilhali ambaye simu yake ilikuwa imezimwa pengine anastahili kuombwa tena kabla ya faini kuandikwa. Na je, majibu yasiporudi kabisa? Hapo ndipo hatari kubwa ilipo, kwa kuwa zana nyingi hupendelea kujaribu tena zenyewe, na ombi la pili linaweza kumkata mwanachama mara mbili ikiwa la kwanza lilikuwa limefaulu ila taarifa ndiyo iliyochelewa.

Mimi huandika hivi: mwanachama asikatwe mara mbili kwa mchango mmoja, hata kama hilo lina maana ya kumwacha katika hali ya «inasubiri» kwa muda, ombi jipya lisitumwe kabla ya hali ya ombi la kwanza kuulizwa na kujulikana, na namba moja ya risiti ya M-Pesa iingie kwenye daftari mara moja tu, hata taarifa yake ikifika mara nyingi. Sentensi ya kwanza ndiyo muhimu kuliko zote, kwa sababu inaiambia zana lipi lichaguliwe pale mambo mawili mema yanapogongana. Bila hiyo, zana itachagua haraka ya kukamilisha malipo.

Jambo jingine ni saa. Seva nyingi huhesabu kwa saa za UTC, yaani saa za kimataifa, nasi tuko saa tatu mbele yake. Mchango uliolipwa tarehe 1 Februari saa 01:30 kwa saa za Afrika Mashariki, kwenye seva ni tarehe 31 Januari saa 22:30. Kama katiba inasema mwisho wa mchango ni tarehe 31, mtu huyo amechelewa, lakini mfumo utasema amewahi. Andikeni saa kwa mfumo wa saa 24 pamoja na ukanda wake, hata kama inaonekana ni jambo dogo, na msiandike «saa mbili» mkitarajia mashine ifahamu kama ni 08:00, 20:00 au 02:00.

#5 Mdau

Kazi yangu ni kupima mifumo kabla haijaingia sokoni, na ningependa kuzungumzia mifano yenye namba ambayo mleta mada ameiomba ijadiliwe.

Kuna zoea ambalo linanipa wasiwasi mkubwa. Mtu anaipa zana maelezo, zana inaandika msimbo, kisha mtu anaiambia zana ileile iandike na majaribio. Majaribio yote yanapita, na mtu anaripoti kwamba mfumo umepimwa. Kilichothibitishwa hapo ni kwamba mashine imekubaliana na tafsiri yake yenyewe. Kama ilielewa riba kuwa ya 390,000, na jaribio nalo litadai 390,000. Namba za mfano ni lazima zitoke nje ya mashine: kwenye daftari la mweka hazina, kwenye mzunguko uliopita ambao wanachama waliukubali, au kwenye hesabu iliyofanywa kwa mkono na mtu anayeijua katiba.

Nitoe mfano wa gawio. Tuseme fedha za kugawanya ni shilingi 4,137,000 na hisa zote ni 742. Hisa moja inapata 5,575 na senti kadhaa. Mwanachama mwenye hisa 37 anastahili 206,292.45. Fedha zinalipwa taslimu, na sarafu ndogo inayopatikana ni ya 50. Ukiandika «zungusha kwa 50» tu, zana inaweza kushusha thamani ya hisa moja kwanza, ikapata 5,550, na mwanachama huyo akapewa 205,350. Inaweza pia kukokotoa gawio lake lote kwanza na kulishusha, akapewa 206,250. Au inaweza kuzungusha kwenda 50 iliyo karibu, akapewa 206,300, ambayo ni zaidi ya stahili yake. Na kama wanachama wengi wataangukia upande huo, sanduku litapungukiwa kabla mtu wa mwisho hajalipwa. Kati ya jibu la kwanza na la pili kuna shilingi 900 kwa mtu mmoja, na kwa hisa zote 742 njia ya kwanza inaacha shilingi 18,900 bila mwenyewe. Hakuna hata njia moja kati ya hizo ambayo msimbo wake una kosa.

Naomba pia tusidhani kwamba kuandika peke yake kunatosha. Chombo cha NASA kilichoitwa Mars Climate Orbiter kilipotea tarehe 23 Septemba 1999 kwa sababu programu moja ya ardhini ilitoa namba zake katika vipimo vya pauni, ilhali programu iliyozipokea ilizisoma kama vipimo vya metriki, tofauti ya karibu mara nne na nusu. Maelezo ya makubaliano kati ya programu hizo mbili yalikuwepo, na yalitaka vipimo vya metriki. Kilichokosekana ni mtu au jaribio la kuhakikisha kwamba kilichoandikwa ndicho kinachofanyika. Kwa hiyo kila mfano wenye namba ulio kwenye waraka uwe pia jaribio linaloendeshwa kila msimbo unapobadilika, na zana izuiwe waziwazi kubadilisha namba zilizomo. Nimeshuhudia zana ikiona jaribio limeshindwa, ikarekebisha jaribio badala ya msimbo, kisha ikatoa taarifa kwamba kazi imekamilika.

#6 Mdau

Wakuu, nimejifunza mengi. Nina maswali mawili kwa mleta mada. Je, tuandike kwa Kiswahili au Kiingereza? Na je, kuna muundo wa sentensi unaopendekezwa, au kila mtu anaandika anavyojisikia?

#7 Mleta mada

Asanteni nyote. Mdau wa #5 amesema jambo la majaribio vizuri kuliko nilivyokuwa nimepanga kulisema, nami nimelichukua.

Ndugu wa #6, andika kwa lugha ambayo mweka hazina, katibu na mwenyekiti wanaweza kuisoma na kusema «ndiyo, hivi ndivyo tulivyokubaliana» au «hapana». Zana kubwa za sasa zinasoma Kiswahili vya kutosha kwa kazi hii, na watu wenye mamlaka ya kuthibitisha waraka ni muhimu kuliko mashine itakayousoma. Majina ya jedwali na vigezo ndani ya msimbo yanaweza kubaki ya Kiingereza kama timu imezoea hivyo, mradi mwanzoni pawe na orodha fupi inayoonyesha «hisa», «mfuko wa jamii» na «faini» vinaitwaje ndani ya msimbo. Bila orodha hiyo, zana itatumia jina moja leo na jingine kesho kwa kitu kilekile.

Kuhusu muundo, mwaka 2009 Alistair Mavin na wenzake wa Rolls-Royce walichapisha mtindo mwepesi wa kuandika masharti unaojulikana kama EARS, na Kiro nayo inautumia. Kiini chake kinaingia vizuri katika Kiswahili: «Pale [tukio] linapotokea, mfumo lazima [ufanye hivi]», «Wakati [hali fulani] inaendelea, mfumo lazima [ufanye hivi]», «Ikiwa [jambo lisilotakiwa] litatokea, basi mfumo lazima [ufanye hivi]». Faida yake ni kwamba sentensi haikamiliki bila kutaja ni lini. Neno «lazima» litumike kwa yale tu ambayo yakikiukwa mfumo haukubaliki, na «inafaa» kwa yale yanayoweza kuachwa kwa sababu nzuri. Watu wanaoandika viwango vya intaneti walishaweka utaratibu wa namna hiyo kwa nyaraka zao mwaka 1997, na umewasaidia.

Kuna onyo moja ambalo halijatajwa. Msiibandikie zana orodha halisi ya wanachama, yenye majina, namba za simu na madeni, ili ielewe mfumo. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na Kenya ina ya kwake ya mwaka 2019. Lakini hata bila sheria hizo, mwanachama aliyeiamini kamati ya kikundi hakuwa amekubali deni lake lipelekwe kwa zana hizo. Tengenezeni majina ya kubuni na mbaki na namba zinazohitajika kwa hesabu.

Waraka ukae pamoja na msimbo, katika ghala lilelile la faili za mradi, na ubadilishwe kabla ya msimbo kubadilishwa. Uamuzi wa zamani usifutwe; uandikwe kwamba umebadilishwa, tarehe gani, na kwa nini, kwa sababu zana na binadamu wote wawili wana tabia ya kurudisha jambo lililokataliwa ikiwa hawaoni kwamba liliwahi kukataliwa.

Nimeiandika upya sehemu ya gawio kwa kufuata hoja za #4 na #5, na naiweka hapa ili ichambuliwe:

*Nia.* Siku ya kuvunja kikoba, kila mwanachama apokee sehemu yake kwa uwiano wa hisa zake, na sanduku lisipungukiwe kwa hali yoyote. Pale usawa wa hadi shilingi 49 kwa mtu unapogongana na usalama wa sanduku, usalama wa sanduku utangulie.

*Masharti.* Fedha za kugawanya ni fedha za hisa pamoja na riba na faini zilizokwisha kukusanywa. Mfuko wa jamii lazima usihesabiwe, kwa sababu ni fedha za misaada na haukuchangwa kwa uwiano wa hisa. Pale mweka hazina anapoanzisha ugawaji, mfumo lazima uzidishe fedha zote kwa hisa za mwanachama, ugawanye kwa hisa zote, kisha ushushe jibu hadi 50 iliyo chini yake. Thamani ya hisa moja isizungushwe. Salio linaingia kwenye mfuko wa jamii wa mzunguko unaofuata, kama kikao kilivyoamua. Ikiwa kuna muamala wowote wa M-Pesa ambao bado uko katika hali ya «inasubiri», basi mfumo lazima ukatae kuanza ugawaji na uonyeshe muamala huo kwa mweka hazina.

*Mfano uliothibitishwa na mweka hazina.* Fedha 4,137,000. Hisa zote 742. Mwanachama mwenye hisa 37 analipwa 206,250. Namba hizi zisibadilishwe na zana.

*Mipaka.* Mfumo hautumi fedha wenyewe. Unatoa orodha ya malipo, na malipo yanafanywa na viongozi mbele ya wanachama.

*Yasiyoamuliwa.* Mwanachama ambaye deni lake ni kubwa kuliko gawio lake: je, wadhamini wanakatwa siku hiyohiyo, au deni linahamia mzunguko unaofuata? Kikao hakijaamua. Zana isichague. Isiandike msimbo wa sehemu hii, na mfumo ukikutana na hali hii usimamishe ugawaji na kumtaja mwanachama husika kwa mweka hazina peke yake.